Chekeche lisilopoteza mfupa wa furu: karakana ya Mabatini baada ya misimu miwili

Kazi yangu ni kuchekecha udongo. Nilianza kwa kubeba ndoo, mwaka ule watafiti wa mambo ya kale walipofika kijijini kwetu upande wa Magu wakitafuta vibarua wa kuchimba kwenye kingo ya mto, na tangu hapo sijaiacha kazi hiyo. Siku hizi nasimamia vifaa vya kikosi: ndoo, kamba, vigingi, timazi, miiko, brashi, na juu ya vyote machekeche. Kigingi kikipotea tunachonga kingine. Chekeche likiharibika kazi inasimama, au, baya zaidi, inaendelea huku vitu vinapotea na hakuna anayejua.

Ndiyo maana nataka kuwaeleza wenzangu wa fani hii, pamoja na wanafunzi wanaokuja Kanda ya Ziwa kwa mafunzo ya vitendo, habari za karakana moja ya Mabatini hapa Mwanza. Haina kibao. Nimenunua pale machekeche mawili na miiko sita, nimevitumia misimu miwili ya kiangazi, na kila kimoja kimepita mikononi mwangu kila siku ya kazi. Kwa hiyo yote nitakayosema nimeyaona kwa macho.

Nianze na chekeche.

Shimo letu la kawaida ni mraba wa mita 1 kwa mita 1. Tunashuka sentimita 10, tunasafisha, tunapiga picha, tunachora, ndipo tunashuka tena. Ngazi moja kama hiyo ni lita 100 za udongo uliolala. Ukishatifuliwa unavimba, unajaza ndoo sita au saba za lita 20, na ndoo zote hizo zinakuja kwangu. Mchimbaji anaona kile ambacho mwiko wake umegusa. Vilivyobaki vyote, shanga, kipande cha jiwe lililochongwa, jino la mnyama, pingili ya uti wa mgongo wa samaki, vinasubiri chekeche.

Na mahali tunapochimba samaki ndio habari yenyewe. Waliokaa kwenye kingo ile walikuwa wavuvi na wawindaji, watu waliofinyanga vyungu kabla jembe halijafika huku. Vyungu vyao vinaitwa Kansyore, kutokana na kisiwa kilichomo katika Mto Kagera, na katika pwani ya mashariki ya ziwa letu vile vya mwanzo vina zaidi ya miaka 7,000. Hapa mkoani vilijulikana mapema: Robert Soper na Barbara Golden waliukagua Mkoa wa Mwanza kutafuta mabaki ya kale, na ripoti yao ya 1969 inavitaja kutoka pango la Nyang'oma. Upande wa Kenya viko Gogo Falls, kwenye Mto Kuja, ambako Peter Robertshaw alichimba miaka ya 1980. Kigae cha Kansyore si kazi kukiona. Kina chembe za mawe meupe ndani yake, na nakshi za kuchomachoma zimejaa uso mzima, zimepangwa mistari kwa mistari kana kwamba mfinyanzi hakutaka kuacha hata nafasi ya kidole. Hata chekeche bovu litakikamata.

Chakula chao ndicho kinachotoroka. Ningu hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na mtu anayekaa kando ya maporomoko anajua wiki ya kuwasubiri. Hata babu zetu walijua, na mitego ya matete ya kuwakamatia ningu wazee wa kwetu bado wanaikumbuka. Kwa hiyo ukitaka kujua kama watu wale walikuja mtoni kwa msimu au walikaa mwaka mzima, unatafuta mifupa ya samaki na kuuliza ni samaki gani, wa mahali gani, wa wakati gani. Kambare haleti tabu, fuvu lake ni gumu, lina vipele kama sandapepa. Kamongo ana meno bapa yanayodumu. Lakini pingili ya mgongo wa furu, samaki mdogo wa ziwani, haizidi punje ya mtama. Kwenye tundu la milimita 8 inapita bila kugusa ukingo.

Nasema milimita 8 kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo. Wavu wetu wa kwanza niliununua kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, nikaambiwa ni wa milimita 5, nikaamini. Kambini nilipoupima baadhi ya tundu zilikuwa 5, nyingine 6, na katikati, ambako uzito wa udongo unalala, zilikuwa zimeshafunguka hadi 8. Baada ya wiki mbili ulilegea ukawa kama neti ya kitandani. Baada ya mwezi ukashika kutu, maana udongo wa mtoni ni mfinyanzi, haupiti mpaka umwagiwe maji. Kutu ikadondokea kwenye mifupa na kuipaka rangi. Tulikuwa tumeshachekecha ngazi tatu nzima kwa wavu ule.

Ndipo mwalimu mmoja wa ufundi aliponielekeza Mabatini.

Nilimkuta fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, anapiga bapa la chuma juu ya fuawe iliyotengenezwa kwa kipande cha reli. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Unataka chekeche la mchanga au la unga?"

Nikamwambia: "La mifupa, mzee."

Akaweka nyundo chini. Hakucheka, na hakuniuliza kama nimetumwa na mganga, jambo ambalo nimeshaulizwa mahali pengine. Aliuliza mfupa wenyewe una ukubwa gani. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya pingili ikiwa kando ya kipimo. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni furu," na hapo hapo akamwita kijana wake alete keekee ya milimita 5 na ya milimita 2. Akachukua kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu akaanza kuipitisha keekee tundu baada ya tundu, kwenye kona, pembeni, katikati. Mahali ilipopita kwa kulegea alitia alama ya chaki na kulikata lile eneo lote. Mimi sikuwa nimemwomba afanye hivyo. Ni yeye mwenyewe aliyeelewa kuwa tundu moja lililopanuka linauharibu wavu mzima.

Anavyofunga wavu ndiyo sifa kubwa ya kazi yake. Hapigilii misumari juu ya fremu kama chekeche la waashi. Anautandaza kati ya fremu mbili za mbao, anauvuta kwa koleo pande zote nne, kisha anazibana fremu kwa bolti 12. Ukiugonga kwa kidole unalia kama ngozi ya ngoma. Ukilegea baada ya mwezi, unakaza bolti kwa spana, dakika tano. Wavu ukichakaa unafungua, unaweka mwingine, fremu inabaki ile ile.

Miguu nayo. Niliagiza minne. Akaniuliza nani atalitikisa. Nikasema mimi. Akasema minne itanivunja mgongo, kwa kuwa nitakuwa natikisa udongo kwa nguvu ya mabega, basi aniwekee miwili tu, mbele, kwenye bawaba, nami nishike vishikio viwili upande wangu. Chekeche linaning'inia kama pembea, ukilisukuma mara moja linarudi lenyewe. Nilikuwa namaliza ndoo 30 kwa siku nikiwa hoi. Sasa namaliza 45 na jioni napika. Baadaye mtafiti mgeni aliniambia kuwa kwao pia wanatumia ya miguu miwili. Fundi wetu hakuwahi kuyaona. Alifikiria tu mgongo wa mtu.

Siku chekeche jipya lilipofika kambini sikuanza na udongo wa shimoni. Nilikwenda kwenye kifusi, lile rundo la udongo tuliokwisha kuchekecha, nikachota ndoo moja nikaipitisha upya kwa wavu wa milimita 2, na maji. Mara ya kwanza ndoo ile ilikuwa imetupatia kigae kimoja na mfupa mmoja wa kambare. Mara ya pili ilitoa pingili 41. Furu, na wengine wadogo ambao sikuwatambua. Nikakaa chini pale pale kwenye matope. Ngazi tatu tulizozimaliza kwa wavu mbovu tulikuwa tumeshaandika kwenye daftari "samaki: wachache". Tulirudia kifusi chote, wiki mbili na nusu. Lakini kifusi hakikuambii tena pingili imetoka sentimita ngapi chini, upande gani wa mraba, karibu na majivu au mbali nayo. Hayo yamepotea, na hakuna fedha ya kuyarudisha. Nikisikia mtu anasema chekeche ni chekeche tu, huwa naikumbuka ndoo ile.

Jambo la pembeni kwa wanaoanza: mkikuta mfupa wa sangara, msimamishe kazi kidogo. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Mfupa wake ukionekana kwenye ngazi ya kina, kuna panya au mzizi uliouteremsha, na kila kitu kinachouzunguka kinatiliwa shaka. Wavu wenye tundu sawa unakusaidia hata hapo, kwa sababu unakamata mapema vile vijifupa na vijinyuzi vya nailoni vinavyofichua shimo la panya.

Sasa miiko. Watafiti wageni huja na ya kwao. Wamarekani wengi wana Marshalltown, Waingereza wana WHS, na ni vyombo vizuri kweli, kwa sababu bapa na shingo ni chuma kimoja kilichofuliwa pamoja. Mwiko wa muashi unaouzwa rahisi bapa lake limechomelewa kwenye shingo, na pale penye mchomeleo ndipo unapokatika ukikwangua udongo mgumu. Nimevunja minne kwa namna hiyo. Nilimpelekea fundi mmoja uliovunjika pamoja na Marshalltown ya kuazima. Hakuchukua vipimo kwa kalamu. Aliikunja kidogo kwa vidole, akaachia, akasikiliza.

Miiko yake anaikata kutoka springi ya lori. Anaifua ikiwa nyekundu, anaichovya kwenye oili wala si maji, kwa kuwa maji yanakipasua chuma cha springi, halafu anairudisha motoni kidogo ili isiwe rahisi kuvunjika. Mkia unapita katikati ya mpini wa mninga hadi nyuma na kufungwa kwa njumu. Urefu wa bapa ni sentimita 10, ncha imechongoka, kingo mbili zimenolewa. Kwa misimu miwili hakuna hata mmoja uliokatika wala kulegea mpini. Ukilinganisha na ya kigeni, wa Mabatini ni mzito kidogo, jambo ambalo kwenye mfinyanzi mkavu ni faida na kwenye kusafisha mifupa laini si faida. Kazi laini tunafanya kwa vijiti vya mianzi na brashi.

Kasoro zipo, nami nitazieleza kama nilivyomweleza mwenyewe.

Ya kwanza ni rangi. Chekeche la kwanza alilipaka rangi nyekundu lipendeze. Baada ya siku tatu za maji na mchanga ikaanza kubanduka, na vipande vyekundu vikaanguka ndani ya wavu. Sisi pale tunatafuta ngeu, ule udongo mwekundu ambao watu wa kale waliusaga na kuutumia. Kijana mmoja alishaweka vipande vinane kwenye mfuko na kuandika lebo kabla sijavigusa. Nikakwangua fremu yote kwa msasa. Chekeche la pili nililiagiza bila rangi, akalipaka mafuta ya kitani tu, nalo halijanisumbua.

Ya pili ni oili, na hii ni nzito zaidi. Miiko ilikuja imepakwa oili chafu ya gari isishike kutu. Mahali pengine hilo ni wema. Kwetu ni hatari, kwa sababu ya mkaa. Kipande cha mkaa kutoka jikoni mwa watu wale ndicho kinachopelekwa maabara kupimwa umri, kwa kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Oili imetokana na mafuta ya ardhini, yenye mamilioni ya miaka, na kaboni 14 yake yote imekwisha. Mkaa ukinyonya oili unaonekana mzee kuliko ulivyo. Hata jasho la mkono hatulitaki, mkaa tunauchukua kwa ncha ya mwiko safi na kuufunga kwenye karatasi ya alumini. Kwa hiyo nilitumia jioni nzima kuosha miiko sita kwa sabuni ya unga, majivu na mchanga wa ziwani. Nilipomweleza fundi sababu aliniuliza mara mbili hadi akaelewa, kisha akasema, "Basi ya kwako nitaivisha karatasi kavu." Agizo lililofuata lilikuja limefungwa kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa, chuma kikavu kabisa.

Ya tatu ni muda. Alisema wiki moja, zikawa tatu. Umeme ulikuwa unakatika na kuchomelea kulikwama. Mkiwa na tarehe ya kuanza kuchimba, agizeni mwezi mmoja kabla.

Kitu kimoja zaidi kilinifanya niandike. Juu ya ngazi za Kansyore, karibu na uso wa ardhi, tulikuta madonge mazito, meusi, yenye matundu na mikunjo kama uji ulioganda. Tulikotoka kuchimba vitu haviondoki bila utaratibu, hivyo nilimpelekea fundi picha tu. Hakuhitaji maelezo. "Mavi ya chuma," akasema, na kwa kidole akanionyesha kwenye picha upande ulioyeyuka ukitiririka na upande uliokaa juu ya mkaa. Kisha akaingia ndani akarudi na donge lake mwenyewe, kutoka chini ya tanuri lake, akaliweka mezani kando ya simu. Mikunjo ilifanana.

Akaanza kunieleza habari za Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita, ambao majembe yao yalikuwa mahari hadi usukumani, na za babu yake aliyejua kukaa kwenye mifuo, ile mivukuto ya kupulizia moto. Mimi nikamweleza Katuruka, kule Maruku karibu na Bukoba, ambako Peter Schmidt alichimba miaka ya 1970 na kukuta kuwa watu wa Buhaya waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na jinsi wazee wa pale walivyomwelekeza penye mti mtakatifu wa wahunzi. Fundi alinyamaza. Akauliza kama kuna kewa zilizobaki, zile pua za udongo za kupitishia upepo. Nikasema ndiyo, vipande. Akataka kujua unene wake. Nilikuwa nimekwenda kulipia bawaba, nikaondoka jua limezama, na vijana wake walikuwa wameacha kazi wote wanasikiliza.

Mtafiti aliyekuwa nasi msimu huo naye alikuja kumhoji fundi siku mbili juu ya jinsi donge linavyojikunja. Fundi alilipwa kwa siku zake, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Naongeza onyo, kwa kuwa nimeshapigiwa simu na watu wanaotaka "vifaa kama vya yule mama wa vigae" ili wakatafute mali ya Mjerumani. Chekeche si leseni. Kuchimba mahali pa kale bila kibali cha Mambo ya Kale ni kosa chini ya sheria ya 1964, na shimo la usiku mmoja la kutafuta rupia linakata tabaka zote ambazo sisi tunazishuka kwa sentimita 10. Fundi naye ameshakubaliana nami: mtu akimwendea kwa neno hilo anamwambia kazi imejaa.

Bei nilizolipa mwaka jana: chekeche la milimita 5 la miguu miwili shilingi 65,000, la milimita 2 shilingi 80,000 kwa sababu ya wavu, mwiko mmoja shilingi 15,000. Hapunguzi sana, na sikumsukuma. Usafiri hadi Magu juu ya basi ni juu yako. Fremu ya milimita 5 ina kama kilo 9, mwanamke mmoja anaibeba.

Ukienda, shuka kituo cha Mabatini kwenye barabara ya Nyerere, teremka upande wa Mto Mirongo, fuata sauti ya nyundo. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, akiwa bado hajawasha tanuri, ana nafasi ya kusikiliza. Beba kitu unachotaka kukikamata, au picha yake yenye kipimo. Mwambie asipake rangi wala oili.

Mimi nimeagiza la milimita 1, la mviringo, linaloingia ndani ya pipa, kwa ajili ya kuosha udongo wa penye mafiga na kuona kama kuna mbegu zilizoungua. Amesema wiki mbili. Nimempa mwezi.